Laana ya Darasa la 3-3: Kanuni Hizi Zilisemwa na Nani?

Utangulizi

Mashabiki wa hadithi za kutisha za shuleni hufanya kazi inayokaribiana sana na ya wahakiki, nayo ni kukusanya kanuni. Laana inaanza lini? Inamgusa nani na kumwacha nani? Mpaka wake ni upi? Inakomeshwaje? Katika makala haya tunakusudia kuichunguza kazi hiyo kwa kutumia mfano mmoja, riwaya ya Kijapani iitwayo Another, iliyoandikwa na Yukito Ayatsuji na kuchapishwa mwaka 2009. Riwaya hii ilifuatwa na manga iliyochorwa na Hiro Kiyohara, kisha mwaka 2012 ikapata anime ya sehemu 12 pamoja na filamu ya waigizaji. Tunamtahadharisha mapema msomaji ambaye bado hajaisoma kwamba tutautaja mwisho wake, kwa kuwa hoja yetu haiwezi kusimama bila mwisho huo.

Hoja yenyewe ni hii. Nadharia za mashabiki huwa na nguvu pale zinapouliza kanuni fulani ilitoka kinywani mwa nani na ilisemwa kwa neno gani. Huwa dhaifu pale zinapoipokea kanuni kama sheria iliyokwisha kuthibitishwa, kisha zikaanza kutafuta namna ya kuishinda. Walimu na wanafunzi wa lugha wana nafasi ya pekee katika mjadala huu, kwa sababu mafumbo makubwa ya riwaya hii yamefichwa katika majina ya ukoo na katika namna watu wanavyoitana.

Ni vema kukumbuka pia kwamba Ayatsuji hakutokea katika hadithi za mizimu peke yake. Alianza kujulikana mwaka 1987 kwa riwaya ya upelelezi, naye ni miongoni mwa waasisi wa mkondo wa waandishi wa Japani uliotaka msomaji apewe vidokezo vyote kabla ya fumbo kufumbuliwa. Kwa hiyo shabiki anayeisoma Another kwa kalamu mkononi, akihesabu madawati na tarehe, anaisoma jinsi mwandishi alivyotaka isomwe.

Kisa na kanuni zake

Mwaka 1972, katika shule ya sekondari ya chini ya Yomiyama Kaskazini, mwanafunzi mmoja aliyependwa na wote alifariki. Jina lake lilikuwa Misaki, naye alikuwa katika darasa la 3-3, yaani mwaka wa tatu, mkondo wa tatu. Wenzake walishindwa kuupokea msiba huo, wakakubaliana kujifanya kwamba bado yu hai. Waliendelea hivyo hadi mahafali. Picha ya darasa ilipotoka, marehemu alionekana humo pamoja nao.

Tangu hapo, inasimuliwa, darasa hilo hupata mtu mmoja wa ziada. Huyo ni mtu aliyekwisha kufa, lakini hajijui, na wenzake hawamjui, kwa maana kumbukumbu za watu na hata maandishi ya shule hubadilika ili apate nafasi. Katika mwaka wa namna hiyo, kila mwezi hufa angalau mtu mmoja kati ya wanadarasa na jamaa zao wa damu hadi daraja la pili, yaani wazazi, babu na bibi, kaka na dada. Si kila mwaka huwa na laana. Vifo havivuki mpaka wa mji. Kinga inayojulikana ni moja: mwanafunzi mmoja ateuliwe kuwa "asiyekuwepo", asisemeshwe wala kutazamwa na mtu, ili hesabu ya darasa irudi mahali pake.

Kijana Kōichi Sakakibara anahamia darasa hilo mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 15. Hajaelezwa lolote. Anamwona msichana aliyeziba jicho moja, Mei Misaki, ambaye kila mtu anampita kama hewa. Anamsemesha. Vifo vinaanza kuonekana, na darasa linamtupia lawama.

Hapo ndipo mashabiki wanapoingia. Zipo nadharia za mpaka wa mji, nadharia za hesabu ya madawati, nadharia za udugu, na nadharia za namna ya kumtambua mfu. Katika anime, kwa mfano, mwanafunzi aitwaye Nakao anakufa wakati wa matembezi ya pwani, nje ya mji. Je, kanuni ya mpaka imevunjika? Baadaye inaelezwa kwamba alikuwa amegonga kichwa nyumbani asubuhi ile kabla ya kuondoka, na jeraha hilo tayari lilikuwa la kumuua. Wanaotetea kanuni hupumua. Sisi tunaona kwamba jambo la kuangaliwa hapa ni jinsi watu wanavyoiokoa kanuni kila inapoelekea kuanguka, kwa kuyasoma upya yaliyokwisha kutokea.

Faida ya neno "eti"

Kiswahili kina neno dogo linalofaa sana kwa uhakiki wa aina hii, nalo ni "eti". Msemaji akilitumia, anamjulisha msikilizaji kwamba habari anayoitoa si yake, ameisikia, na pengine haiamini. Tujaribu kuliweka mbele ya kila kanuni. Eti laana haivuki mpaka wa mji. Eti haimgusi mjomba wala shangazi. Eti ukimfanya mmoja kuwa asiyekuwepo, wengine watapona.

Zoezi hili linafichua jambo ambalo mashabiki wengi hulipita haraka. Hakuna kanuni hata moja katika riwaya inayotolewa na laana yenyewe au na mtu aliyeiasisi. Zote ni makisio ya walionusurika. Mtunzaji mkuu wa habari hizo ni Chibiki, mkutubi wa shule, ambaye mwaka 1972 ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa hilo. Ana jalada lenye orodha za madarasa na majina ya waliokufa. Ni mtu mwaminifu, lakini anakusanya ushahidi katika shule ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, maandishi na kumbukumbu hubadilika. Nadharia yoyote ya shabiki inayomnukuu Chibiki haina budi kumnukuu pamoja na udhaifu huo.

Neno moja la udugu

Kifo kilichoshtua darasa mwaka 1998 kilitokea mwezi Mei, baada ya Kōichi kumsemesha Mei. Kwa hiyo hukumu ikawa nyepesi: mgeni amevunja kinga, na laana imeamka. Lakini mwishoni mwa Aprili, kabla Kōichi hajakanyaga darasani, msichana aitwaye Fujioka Misaki alikuwa amefariki hospitalini. Darasa halikumhesabu kwa sababu alijulikana kuwa binamu ya Mei, na binamu yuko nje ya daraja la pili. Baadaye Mei anaeleza ukweli: walikuwa mapacha. Yeye alichukuliwa na dada ya mama yake akiwa mtoto mdogo, akalelewa kama mwana wa nyumba hiyo.

Kwa hiyo laana ilikuwa imeanza Aprili. Kinga ilianza Mei. Kōichi hakuvunja chochote kilichokuwa kikifanya kazi. Lawama yote aliyobebeshwa ilisimama juu ya neno moja la udugu lililotumiwa visivyo.

Mashabiki hubishana kama laana hufuata damu au hufuata daftari la serikali. Tunadhani ubishi huu una kasoro. Sheria ya Japani huhesabu udugu kwa daraja: ndugu wa kuzaliwa wako daraja la pili, shangazi na mjomba daraja la tatu, binamu daraja la nne. Lakini sheria hiyohiyo, katika uasili wa kawaida, haikati uhusiano wa mtoto na jamaa zake wa kuzaliwa. Uasili wa pekee unaoukata uhusiano huo uliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1987 na kuanza kutumika mwaka 1988. Mei, kwa umri wake, anaelekea kuwa alichukuliwa kabla ya hapo. Ikiwa ni hivyo, hata sheria ingewatambua wasichana hao kuwa ndugu. Damu na sheria hazikupingana. Kilichopingana nazo ni mazungumzo ya kila siku, yaani neno ambalo familia ilichagua kulitumia na majirani wakalikubali.

Sasa tujiulize kisa hiki kingesimuliwaje kwa Kiswahili. Dada ya mama kwetu ni mama mkubwa au mama mdogo, na mtoto wake ni ndugu, dada au kaka. Neno "binamu" kwa kawaida huwaendea watoto wa mjomba na wa shangazi. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kinyarwanda wanaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwani dada ya mama wanamwita mama wacu, na neno mubyara wanamwekea mtoto wa mjomba au wa shangazi. Waganda nao wana maama omuto. Mei wa Kiswahili angesema tu, "Dada yangu amefariki," na mwenzake angeuliza mara moja, "Dada yako wa tumbo moja?" Siri ingefichuka siku hiyohiyo, au Mei angelazimika kusema uongo wa waziwazi. Katika Kijapani anaweza kunyamaza. Mfasiri wa riwaya hii kwa Kiswahili angekuwa na kazi ngumu hapa, na kazi hiyo ingemfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada.

Nyumbani na shuleni

Fumbo la pili nalo ni la lugha. Kōichi anaishi kwa babu na bibi yake pamoja na Reiko, mdogo wake marehemu mama yake. Shuleni yupo mwalimu msaidizi wa darasa la 3-3, Mwalimu Mikami. Mwishoni tunajua kwamba hawa ni mtu mmoja, na kwamba ndiye mfu. Darasani madawati yalitosha tangu Aprili kwa sababu wa ziada hakuwa mwanafunzi. Kidokezo kilikuwepo muda wote: darasa hilo pekee lilikuwa na mwalimu msaidizi. Kidokezo kingine yupo nacho ndege wa nyumbani anayeiga sauti za watu, ambaye hulitaja jina la Reiko na kuuliza kwa nini. Wanadamu wamesahau kilio chao, ndege amebaki nacho.

Kabla Kōichi hajaanza masomo, Reiko mwenyewe alimpa mambo kadhaa ya kuzingatia. Mawili yanasikika kama imani za watoto: moja linahusu kunguru juu ya paa, jingine linahusu kuanguka kwenye mteremko. La tatu linamtaka afuate lolote ambalo darasa limeamua. La nne linamtaka asichanganye mambo ya nyumbani na ya shuleni. Mashabiki wengi huyaacha haya nje ya orodha ya kanuni za laana kwa kuwa yanafanana na adabu tu. Sisi tunaona kwamba haya mawili ya mwisho ndiyo yanayoiendesha hadithi. Kwa kulitii la nne, Kōichi anamwita mtu mmoja kwa majina mawili, naye msomaji anapotea pamoja naye. Kwa kulitii la tatu, darasa zima linamfuta msichana aliye hai.

Kiswahili kingeweza kulibeba fumbo hili bila shida: "mama mdogo" nyumbani, "mwalimu" shuleni. Tena kiambishi "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke, hivyo mfu asiyejulikana angeweza kutajwa kurasa nyingi bila kujifichua. Lipo hata jambo ambalo Kiswahili kingeongeza. Sisi hatumtaji aliyefariki bila kutanguliza "marehemu". Laana ya darasa la 3-3, kwa Kiswahili, ingekuwa laana inayoliondoa neno hilo katika vinywa vya watu.

Asiyekuwepo

Hapa tunafika kwenye jambo linalotusumbua katika nadharia za mashabiki. Zipo zinazouliza: je, wangeteua wawili wasiokuwepo badala ya mmoja? Je, wangeanza Aprili badala ya Mei? Je, wangemteua mtu mwenye moyo mgumu zaidi? Riwaya yenyewe inalijaribu la wawili, na Ayatsuji analirudia suala la wasiokuwepo katika Another 2001, iliyotoka mwaka 2020. Maswali haya yanavutia kama hesabu. Lakini anayeyauliza amekwisha kukubali, bila kujua, kwamba mtoto mmoja afutwe. Anabishania idadi na tarehe tu.

Tukumbuke kwamba katika riwaya walimu wanashiriki. Hawamwulizi Mei swali wala hawalitaji jina lake. Mwalimu wa darasa, Kubodera, ni mwalimu wa lugha kama wengi wetu. Kwa msomaji wa Japani jambo hili halikuwa la kubuni tupu. Mwaka 1985, katika shule moja ya Tokyo, wanafunzi walimfanyia mwenzao mazishi ya mzaha, wakaandika kadi ya rambirambi, na walimu wanne wakatia maneno yao katika kadi hiyo. Februari 1986 mtoto huyo, mwenye umri wa miaka 13, alijiua. Mwaka 2013, baada ya kifo cha mwanafunzi mwingine mjini Ōtsu mwaka 2011, Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuzuia uonevu shuleni, ambayo huupima uonevu kwa maumivu anayoyapata mtoto. Hatudai kwamba Ayatsuji alitoa kisa chake katika tukio la Tokyo. Tunachosema ni kwamba mtoto aliye hai anayetendewa kama marehemu, tena kwa ridhaa ya walimu, ni jambo lililokwisha kutokea bila laana yoyote.

Pingamizi

Msomaji makini ataleta pingamizi. Mwishoni mwa riwaya kanuni inathibitishwa. Kutokana na kanda iliyorekodiwa na mwanafunzi wa mwaka 1983, inajulikana kwamba mfu akirudishwa kwenye kifo vifo hukoma. Kōichi anamuua Reiko, na vifo vinakoma kweli. Je, hii haioneshi kwamba waliotafuta namna ya kuishinda laana walikuwa na haki?

Pingamizi hili ni zito, na hatuwezi kulipuuza. Lakini tuangalie nini kilitokea kati ya kusikika kwa kanda na kitendo cha Kōichi. Katika riwaya, Teshigawara anamsukuma rafiki yake wa utotoni, Kazami, kutoka juu ya roshani, kwa sababu alimpima kwa maswali ya kumbukumbu na hakuridhika na majibu. Amepima kumbukumbu mahali ambapo kumbukumbu ndizo zilizoharibika. Katika anime kanda inachezwa kwenye vipaza sauti, na wanafunzi wanamwinukia Mei, kwa kuwa wamekwisha zoea kumwona kama asiye mtu. Kanuni ilikuwa sahihi, na bado ilitosha kuwageuza watoto kuwa wauaji, kwa sababu haikuwaambia mfu ni nani.

Aliyejua mfu ni nani alikuwa Mei. Jicho lake la bandia huona rangi ya kifo. Hakulifumbua mapema, na hakuna aliyemwuliza. Darasa lilikuwa limemteua msichana huyohuyo kuwa asiyekuwepo, likajinyima shahidi pekee aliyeweza kuliokoa. Kōichi alifika kwenye ukweli kwa sababu tangu siku ya kwanza alikataa kujifanya hamwoni. Kosa lake mbele ya darasa ndilo lililomfikisha. Hata hivyo mwandishi hampi ushindi mwepesi: aliyemuua ni mama yake mdogo, tena kwa kuamini neno la mtu mmoja, na muda si muda watu wote watasahau kwamba mwaka ule mwanamke huyo alikuwa nao.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wanaotaka kuzitumia hadithi za aina hii katika vipindi vya fasihi na sarufi.

Kwanza, wanafunzi wazikusanye kanuni za laana kama mashabiki wafanyavyo, kisha kila kanuni waiandike upya kwa "eti", "inasemekana", "nilisikia kwa fulani" au "niliona mwenyewe". Watagundua kwamba sentensi za "niliona mwenyewe" ni chache mno. Baada ya hapo watumie "-nge-" na "-ngali-" kueleza ambacho kingetokea au kingalitokea iwapo msemaji wa kanuni fulani angekuwa amekosea. Zoezi hili hufundisha nyakati na hali za kitenzi, na hufundisha pia tabia ya kumwuliza msemaji alikozipata habari zake.

Pili, wachore mti wa ukoo wa Mei mara mbili, mmoja kwa maneno ya Kiswahili sanifu na mwingine kwa maneno ya lugha za nyumbani kwao, wakioneshana ni katika lugha ipi siri ya pacha ingedumu na katika ipi isingedumu. Majibu hayatafanana, na mjadala utakuwa mrefu kuliko kipindi.

Jambo la tatu si la wanafunzi. Ni letu sisi tunaoshika daftari la mahudhurio. Katika madarasa yetu makubwa wapo wanafunzi ambao muhula mzima hawaulizwi swali. Pengine Kiswahili chao ni dhaifu, au lafudhi yao huchekwa, na wenzao wamekwisha zoea kuwapita. Hakuna aliyekaa kikao kuwateua. Tukiianza wiki ijayo kwa kuwaita hao kwa majina yao na kuwapa nafasi ya kumaliza sentensi, tutakuwa tumeisoma riwaya hii vizuri. Maoni ya wasomaji kuhusu makala haya, yakiwemo ya mashabiki wasiokubaliana nasi, tutayapokea kwa furaha.